Hali ya Kitabu

Mtu wa tai alikuja kwanza, na kompyuta ya rangi ya fedha,
akatuonyesha programu yake inavyotabasamu.
Kila mwaka dola elfu nne, alisema,
na funguo zinabaki Kampala.
Mkuu wa chuo akakohoa. Bajeti ya maktaba mwaka ule
ilinunua rimu sita za karatasi na sumu ya panya.

Kisha Onzima, fundi wa maabara,
akaleta nyingine kwenye flashi iliyofungwa kwa mpira:
programu huria. Haina bei.
"Na cha bure kina mwenyewe?" nikauliza.
"Kina wenyewe," akasema. "Nawe ukitaka."

Bure! Uulizeni mgongo wangu.
Vitabu elfu kumi na moja, mia nne na viwili,
kila kimoja nikikitoa, nikikipangusa, nikikibandika msimbopau
ambao gundi yake haikuonywa juu ya mvua za Arua.
Seva yetu ni mashine iliyostaafishwa na benki,
inapozwa kwa feni ya mezani,
na umeme, ee umeme, huja kama shemeji:
bila taarifa, na haukai.
Siku moja uliondoka na herufi F yote, Fasihi hadi Fizikia.
Nililia kidogo, nikarudia.

Droo za kadi nilizirithi kwa marehemu Ezama.
Mwandiko umelalia kulia, wino wa buluu,
herufi za mtu asiye na haraka.
Kadi kwa kadi nikamhamishia kwenye skrini,
hadi kadi ya kitabu cha jiometri,
ambayo nyuma yake aliandika kwa penseli:

*Kimeazimwa na Candiru M., Mei 1979.
Mji unakimbia. Sijui kaelekea Kongo au Sudan.*

Programu ikaniuliza kwa adabu: hali ya kitabu?
Ikanipa orodha nichague.
Kimepotea. Kimeharibika. Kimeondolewa. Kimechelewa.
Nikagusa Kimechelewa, nione tu.
Ikapiga hesabu kabla sijapepesa:
siku elfu kumi na sita na ushei, shilingi mia kwa siku,
bei ya ng'ombe na mbuzi wake
kwa msichana aliyevuka mpaka na pembetatu kifuani.

Nikafuta.
Kimepotea? Hakikupotea.
Kilijua kinakokwenda kuliko sisi tuliobaki.

Kwa ile ya mtu wa tai ningeandika barua,
nikajibiwa kwamba ombi langu limepokelewa.
Kwa hii nilimwita Onzima. Akavuta kiti,
akalifungua tumbo la programu, mistari juu ya mistari,
na kumbe ndani mna majina:
fulani aliyerekebisha tarehe,
fulani aliyeondoa nafasi moja tu iliyozidi.
Watu wanaotia saini kazi ndogo.
"Unataka iseme nini?"
Nikakaa. Nikala karanga tatu.
"Kiko safarini na mwenyewe," nikasema. "Na faini, sifuri."

Tukaandika, ikakataa: alama moja ya mkato.
Tukaandika, ikakubali.
Mwezi ulipofunga, vitabu thelathini na tisa vilikuwa safarini.

Tukairudisha nje kama tulivyoipokea,
ila na kiraka chetu, na chini yake: Onzima, Ayikoru.
Wiki ya saba, mkutubi wa mji nisioweza kuutamka
akaandika: hiyo hali yenu nimeiweka kwangu.
Nina vitabu mia mbili.
Hakueleza. Sikumuuliza.

Jana umeme umeondoka saa nane mchana.
Feni ikasimama, wanafunzi wakanung'unika.
Nikavuta droo ya Ezama, kidole kikatembea juu ya kadi,
na kijana wa mwaka wa pili akapata kitabu chake
kabla seva haijaamka.

Mkuu anasema droo hizo sasa ni kuni.
Nimemwambia zina unyevu. Asubiri kiangazi.